Treni Isiyo na Kichwa: Jinsi ‘Mchongoko’ wa Tanzania Unavyofanya Kazi, na Maana Yake kwa Voi na Miasenyi

Mkazi wa Taveta au Voi anayesafiri hadi Dar es Salaam siku hizi anaweza kuendelea na safari hadi Dodoma kwa aina ya treni ambayo Kenya bado haina. Haivutwi na kichwa wala haibebi dizeli. Ni mabehewa manane yaliyofungamana, yenye pua iliyochongoka mbele na nyuma, na nguvu zake zinatoka kwenye waya uliotandazwa juu ya reli. Watanzania wameipa jina la Mchongoko (lisichanganywe na mchongoano wa vijana wa Kenya), na jina hilo limeshika kuliko lile la kiwandani, EMU.

Mchongoko ulianza kubeba abiria Novemba 1, 2024, kwenye reli ya kisasa ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Kaunti ya Taita Taveta nayo imepitiwa na reli ya SGR tangu mwaka 2017, ikiwa na vituo viwili, Voi na Miasenyi. Kila mjadala wa kuiwekea SGR ya Kenya umeme unapozuka, wakazi huuliza mambo yale yale. Je, treni ya aina hiyo itasimama hapa, au itatupita kama upepo? Mifugo na watoto watakuwa salama chini ya nyaya? Na stima ikipotea katikati ya Tsavo, abiria watakaa wapi?

Ili kuyajibu, ni vizuri kwanza kuelewa treni yenyewe.

Kichwa kimekwenda wapi?

Treni ambayo wengi wameizoea ina kichwa kimoja chenye nguvu kinachovuta mabehewa yasiyo na nguvu yoyote. Madaraka Express ni ya namna hiyo. Katika EMU, kazi ile ya kuvuta imegawanywa. Mota za umeme zimefungwa chini ya sakafu ya mabehewa kadhaa, karibu na magurudumu, na zote hutii amri ya dereva mmoja aliye mbele. Ni tofauti kati ya gogo linaloburutwa na fahali mmoja na gogo lililobebwa mabegani na watu ishirini wanaokwenda kwa hatua moja.

Faida ya kugawa kazi hiyo iko pale gurudumu linapokutana na reli. Chuma juu ya chuma huteleza. Kichwa kimoja kikilazimisha nguvu nyingi mno wakati wa kuondoka, magurudumu yake huzunguka bure bila kusogeza treni. Nguvu zikitawanywa kwenye magurudumu mengi, kila moja hupewa sehemu ndogo ambayo linaweza kuishika reli nayo bila kuteleza, hata mvua ikinyesha. Ndiyo maana EMU huondoka kituoni kwa wepesi na kufikia mwendo wake kamili mapema.

Wazo hili ni la zamani. Mhandisi Frank Sprague alilitumia Chicago, Marekani, mwaka 1897, alipoonyesha kwamba dereva mmoja anaweza kuziamuru mota zilizo katika mabehewa mengi kwa wakati mmoja. Wajapani nao walilitumia Shinkansen, treni yao ya kasi, ilipoanza kazi kati ya Tokyo na Osaka Oktoba 1964. Afrika Kusini ina treni za aina hii kwenye Gautrain, kati ya Johannesburg na Pretoria.

Hata Kenya ina ndugu yake wa dizeli. Waliowahi kupanda treni za abiria za Nairobi kati ya stesheni kuu ya jiji na Syokimau huenda waliketi ndani ya DMU. Shirika la Reli la Kenya lilinunua treni 11 za aina hiyo zilizokuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, nazo zikawasili mwaka 2020. Mpangilio ni ule ule wa treni inayojiendesha bila kichwa, ila DMU hubeba injini ya dizeli chini ya sakafu, na EMU huchukua umeme juu.

Umeme unavyofika kwenye gurudumu

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kichwa cha Madaraka Express, pamoja na moshi na mngurumo wake wote, nacho huzungusha magurudumu kwa mota za umeme. Injini ya dizeli iliyomo ndani haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, nayo jenereta hulisha mota. Kwa maneno mengine, treni hiyo hubeba kituo chake cha kuzalisha umeme na tangi la mafuta kila inakokwenda. EMU huviacha vyote viwili nyuma, ikawa nyepesi zaidi.

Kwenye reli ya Tanzania, waya wa juu hubeba volti 25,000. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, hivyo waya huo una zaidi ya mara mia moja. Umeme wa gridi huingia kwenye vituo vidogo vya umeme vilivyojengwa kando ya reli, ambavyo kwa njia za kiwango hiki huwekwa kila baada ya kilomita 40 hadi 60 hivi, halafu hupelekwa kwenye waya. Juu ya paa la treni kuna mkono wa chuma unaokunjuka, unaoitwa pantografu. Mkono huo husukuma waya kutoka chini na kuuteleza bila kuuachia hata treni ikiwa kwenye kasi kubwa. Kutoka hapo umeme hushuka hadi kwenye transfoma iliyo chini ya behewa, ikapunguza volti, kisha mitambo ya kielektroniki ikaupima na kuugawia mota kulingana na kasi anayoitaka dereva.

Umeme ukishafanya kazi hauishii kwenye mota. Hurudi kituoni kupitia magurudumu na reli zenyewe. Hii ndiyo sababu wezi wanaokata nyaya za shaba kando ya reli ya umeme wanaweza kusimamisha treni iliyo mbali nao, na kujiua wakiwa katika kazi hiyo.

Wakati wa kufunga breki, mota hugeuka kuwa jenereta. Badala ya kula umeme huzalisha umeme, na kule kuzalisha ndiko kunakopunguza mwendo. Umeme huo unaweza kurudishwa kwenye waya ukatumiwa na treni nyingine iliyo karibu. Breki za kawaida huja kumalizia tu, hivyo hazichakai haraka.

Upande wa Tanzania kwa tarakimu

Shirika la Reli Tanzania, TRC, liliagiza kutoka kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini mabehewa 80 ya EMU, yaani treni kumi za mabehewa manane manane, pamoja na vichwa 17 vya umeme. Vichwa hivyo ni vya kuvuta mabehewa ya kawaida na mizigo. EMU haivuti mizigo, na hili linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kununua Mchongoko kungeondoa malori kwenye barabara kuu ya Mombasa.

Treni moja ya Mchongoko ina viti 589. Mwendo wa juu wa abiria kwenye reli hiyo ni kilomita 160 kwa saa, huku Madaraka Express ikiishia 120. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, karibu kilomita 460, huchukua chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Kwa basi, abiria hutarajia saa nane au zaidi. Nauli ya daraja la kawaida iliyoidhinishwa huduma zilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 za Tanzania, kwa treni za kawaida zinazovutwa na kichwa.

Jambo jingine halina uhusiano na umeme, lakini msafiri huliona mara moja. Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji. Abiria wa Madaraka Express hushuka Syokimau au Miritini, kisha huanza kutafuta gari jingine la kumfikisha mjini. Dakika zinazookolewa na treni ya kasi zinaweza kuliwa zote na foleni ya matatu, na hakuna mota inayoweza kurekebisha hilo.

Je, itasimama Voi?

Hili ndilo swali lenye uzito mkubwa kwa kaunti hii. Leo treni ya asubuhi ya SGR, inayojulikana kama Inter-County, husimama katika vituo saba kati ya Nairobi na Mombasa, ambavyo ni Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Huchukua takriban saa sita. Treni ya haraka huvipita vingi vya vituo hivyo na kufika kwa takriban saa tano. Mwenye reli anayetaka kuuza tiketi za kasi hushawishika kuongeza treni za haraka, na mji wa katikati hubaki kutazama madirisha yakipita. Mfanyabiashara wa Voi aliyeona mabasi yakipungua kwenye steji baada ya 2017 anaelewa gharama yake.

EMU inabadilisha hesabu hii kidogo. Tuseme treni inayovutwa na kichwa huchukua dakika tatu kutoka kusimama hadi kilomita 120 kwa saa, na EMU huchukua dakika moja na kidogo. Kwa kuwa wakati huo wote treni zinasonga, tofauti halisi ya muda ni nusu yake, karibu dakika moja kwa kila kituo. Kwa vituo saba ni dakika saba hivi. Huu ni mfano wa hesabu tu, lakini unaonyesha ukubwa wa jambo. Kadiri mwendo wa juu unavyopanda kuelekea 160, faida huongezeka.

Dakika saba si saa nzima. Sehemu kubwa ya saa inayopotea kwenye treni ya asubuhi hutokana na kusimama kwenyewe, abiria kupanda na kushuka na mizigo yao, na treni kungojana, kwa kuwa SGR ya Kenya ni njia moja yenye vituo vya kupishana. Treni ya umeme ikiletwa bila kupanga ratiba upya, Voi haitaona tofauti kubwa. Ikiletwa pamoja na ratiba inayozipa treni zote nafasi ya kusimama, mji wa katikati unaweza kupata huduma zaidi ya mara moja kwa siku bila kumchelewesha sana anayekwenda mwisho wa safari. Uamuzi wa ratiba ndio wenye nguvu kuliko aina ya treni.

EMU ina udhaifu wake pia. Mabehewa yake ni seti isiyovunjwa ovyo. Krismasi ikifika na wasafiri wa Pwani wakafurika, kichwa cha dizeli kinaweza kuongezewa mabehewa mawili au matatu. EMU haiongezwi hivyo. Ni lazima iunganishwe na EMU nyingine nzima, kama ipo. Behewa moja likiharibika, mara nyingi seti yote huenda karakana. Na vituo vyenyewe lazima viwe na jukwaa refu la kutosha.

Stima ikipotea

Wakenya hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023, gridi ilipoanguka na sehemu kubwa ya nchi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ikakaa gizani kwa saa nyingi. Ni haki kuuliza treni ya umeme ingekuwa wapi usiku huo.

Jibu ni kwamba ingesimama. Betri za ndani huweka taa, mawasiliano na milango kwa muda, lakini haziwezi kuisukuma treni. Kipoza hewa hukatika, na kwa kuwa madirisha ya treni hizi kwa kawaida hayafunguki, joto la nyika ya Tsavo huanza kuhisiwa haraka. Reli nyingi za umeme duniani huweka vichwa vya dizeli tayari kwa ajili ya kuivuta treni iliyokwama hadi kituo cha karibu. Tanzania nayo iliyapitia haya. Mwaka 2024, muda mfupi baada ya huduma za reli ya umeme kuanza, kulikuwa na treni zilizokwama njiani kwa hitilafu za umeme, na katika tukio moja TRC ilieleza kwamba chanzo kilikuwa ngedere na bundi kwenye nyaya. Wengi walicheka. Kwa anayeishi karibu na mbuga si kichekesho. Tembo wa Tsavo hupita chini ya madaraja na tuta la reli, kwa hiyo nyaya zilizo juu hazingewahusu sana. Nyani na ndege wakubwa wangezihusu kila siku.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba umeme wa Kenya, karibu sehemu tisa kwa kumi, hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, huku dizeli yote ikiagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Injini ya dizeli hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za mafuta kama joto na moshi. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Gharama kubwa ya reli ya umeme iko mwanzoni, kwenye nguzo, nyaya na vituo vidogo vya umeme. Njia yenye treni chache huchukua miaka mingi kuirudisha.

Kuishi karibu na volti 25,000

Wazazi na wafugaji wa vijiji vilivyo kando ya reli wanafaa kulijua hili hata kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa. Umeme wa kiwango hiki hauhitaji kuguswa ili uue. Unaweza kuruka hewani na kumfikia aliyekaribia. Nchini Uingereza, ambako nyaya za volti 25,000 zimekuwepo kwa miongo mingi, watu hufundishwa kutokaribia chini ya mita 2.75, iwe ni mwili wao au kitu walichoshika.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kuokoa maisha. Bomba la maji la futi ishirini lililobebwa wima, ngazi, fito ya kuangulia matunda, tiara ya mtoto yenye uzi uliolowa, antena ya redio kwenye lori, vyote hurefusha mkono wa mtu bila yeye kujua. Mkojo au maji yaliyomwagwa kutoka kwenye daraja linalopita juu ya reli ni njia nzuri kwa umeme. Tabia ya kupanda juu ya paa la treni, iliyojulikana sana kwenye treni za Nairobi za zamani, huwa ni kifo cha papo hapo chini ya nyaya hizi. Ua wa seng’enge uliojengwa sambamba na reli kwa umbali mrefu unaweza kupata umeme wa kuambukizwa, hivyo hutakiwa kuunganishwa na ardhi na mafundi wa reli.

Waya ukianguka, hata kama hautoi cheche, uchukuliwe kuwa una umeme. Watu wasogee mbali, mifugo izuiwe, na mtu yeyote asijaribu kuusogeza kwa fimbo. Waya wa reli hauzimiki kwa sababu umelala chini.

Kwa bahati nzuri SGR ilijengwa ikiwa na ua, na barabara na mapito ya mifugo yakapitishwa chini au juu ya reli badala ya kuikata. Mapito hayo ya chini yakitunzwa na ua usipokatwa, mfugaji wa Miasenyi hana sababu ya kufika karibu na nyaya.

Nani anaamua nini

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, reli ni jukumu la serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haiwezi kuagiza Mchongoko, kubadilisha ratiba wala kupanga nauli. Iliyo nayo ni barabara za kaunti zinazoelekea vituoni, taa za barabarani, maegesho na steji za matatu na boda boda, masoko, na mpango wa matumizi ya ardhi kuzunguka kituo. Abiria anayeshuka Voi usiku hupimia huduma ya reli kwa hatua zake za kwanza nje ya lango, na hatua hizo ziko mikononi mwa kaunti.

Mradi wa kuweka umeme kwenye reli ukiletwa, lazima upitie tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMA, na umma hupewa nafasi ya kutoa maoni. Tangazo hutolewa magazetini na redioni. Mambo ya kuulizwa siku hiyo si mengi, lakini ni mazito. Njia za kupeleka umeme wa gridi hadi reli zitapita katika mashamba ya nani, na fidia italipwa lini, kabla ya nguzo au baada yake? Kituo kidogo cha umeme kitakachojengwa kwa ajili ya treni kinaweza pia kuimarisha stima ya Maungu, Voi na vijiji vya karibu, au kitahudumia reli peke yake? Treni ngapi kwa siku zitasimama Voi na Miasenyi, na je, hilo limeandikwa kwenye hati za mradi au limesemwa tu jukwaani?

Wakazi wa Taveta wana swali lao la ziada. Reli ya zamani ya Voi hadi Kahe kupitia Taveta, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni ya geji ya mita moja. SGR za Kenya na Tanzania zote ni za milimita 1,435. Treni ya aina ya Mchongoko haiwezi kutembea juu ya reli hiyo hata nyaya zikitandazwa kesho. Njia mpya ingelazimika kujengwa. Kwa hiyo, kwa sasa, anayetoka Taveta na kutaka kuipanda bado atavuka Holili, achukue basi Moshi hadi Dar es Salaam, na aanzie hapo.